Hisabati Ilivyoshuka kwa Alfabeti: Uchambuzi wa Kisa cha Mkeka Mmoja

Mkeka, yaani orodha ya matokeo, wa Kidato cha Tatu ulibandikwa Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya taaluma. Ilikuwa Machi 2024, mtihani wa nusu muhula. Majina 94 kwa mpangilio wa alfabeti, masomo tisa, wastani, pointi, daraja, nafasi. Wanafunzi walijazana, walimu wakapita, mkuu wa shule akasimama akautazama na kusema, "Safi." Mimi ndiye niliyeuandaa usiku wa kuamkia siku hiyo, na uchovu niliokuwa nao ulikuwa wa raha.

Saa saba, watu wakiwa wanakula, mzee wetu wa Kiswahili aliingia ofisini miwani ikiwa mkononi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza akiwa bado amesimama: "Binti yangu, siku hizi Hisabati inafuata alfabeti?"

Sikumwelewa. Akanitoa mpaka ubaoni, akaweka kidole juu ya safu ya Hisabati na kukishusha polepole. 88, 86, 85, 81, 81, 79, hivyo hivyo mpaka chini kabisa: 7, 4, 4, 2. Mwenye jina la A ndiye bingwa, mwenye jina la Z ndiye wa mwisho. Ngazi iliyonyooka ya alama 94, na watu wazima zaidi ya kumi walikuwa wameipita kwa saa tatu bila kuiona. Safu yenyewe ilikuwa ya somo langu.

Kosa lilitendeka kwa sekunde mbili. Nimekaa nalo zaidi ya mwaka, na sasa naweza kueleza kwa nini hakuna aliyelishika kabla halijafika ubaoni, na kwa nini jibu la swali hilo ndilo lililonifunza maana ya kuongoza wenzangu katika mambo ya teknolojia. Kabla ya Ijumaa ile nilidhani tayari nawaongoza.

Cheo kisicho na barua

Shule yetu ni ya kata, ya kutwa, mkoani Morogoro, mojawapo ya zile zilizochipuka kwa wingi baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Wakati huo tulikuwa walimu 27. Kompyuta za mezani zilikuwa mbili, moja kwa mkuu wa shule na moja taaluma, na printa moja ambayo wino wake ulilindwa kuliko chaki. Zamani mitihani yote ilichapwa steshenari mjini. Mchapaji hajasoma Hisabati, kwa hiyo kipeo cha pili kinashuka kikawa namba ya kawaida, na ikawa kazi yako kusahihisha kwa kalamu nakala moja moja kabla ya wanafunzi kuingia chumbani. Juu ya hayo, mtihani wako unabaki kwenye kompyuta ya mtu ambaye mpwa wake anasoma kwako.

Kisha vikaja vishikwambi. Vilitumika kwanza kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, na kazi hiyo ilipokwisha serikali ikavigawa kwa walimu. Kila mmoja akapata chake, na si wachache waliokifungia kabatini kwa hofu ya kukipoteza. Wengine walikitumia kutazama mpira, na hao kwa kweli ndio waliokizoea haraka.

Mimi sikuteuliwa na mtu. Nilikuwa na kompyuta mpakato niliyoinunua kwa mkopo, na siku moja printa ilipogoma nikachomoa karatasi iliyokwama ndani yake. Basi. Tangu siku hiyo kila tatizo lenye waya au kioo lilikuwa langu. "Madam, nisaidie kidogo." Hiyo kidogo ilinila vipindi vyangu vyote vya mapumziko, na sikulalamika, maana ilikuwa tamu. Nilikuwa mdogo kwa umri na kwa ajira, na ghafla watu walionizidi miaka ishirini walikuwa wanasubiri zamu mezani kwangu.

Kilele chake kilikuwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi wa watumishi wa umma. Ulipochukua nafasi ya OPRAS, utaratibu wa zamani wa kazi hiyo hiyo, kila mtumishi alitakiwa kuingia mwenyewe, kuandika majukumu yake na kuyapeleka kwa msimamizi ayapitishe. Hofu ilitanda, na foleni ikaanza mezani kwangu. Mtu ananiletea namba yake ya cheki, ile ya utumishi, na nywila yake kwenye kikaratasi, ananiambia, "Malizia wewe, mimi naenda kipindi." Nikawa na daftari lenye nywila za wenzangu 19. Nilijaza majukumu yao usiku kwa kunakili na kubandika, mpaka mzee wa Kiswahili akajikuta ameahidi serikali kwamba atafundisha milinganyo ya kipeo cha pili. Likapitishwa. Tulicheka sana.

Leo sicheki sana. Daftari lile lilikuwa hatari kwangu kuliko kwao: kitu chochote kingeharibika kwenye akaunti ya mtu, ningejitetea na nini? Lakini ubaya uliojificha zaidi ni kwamba watu 19 walikuwa wameweka sahihi kwenye maneno ambayo hawakuyasoma, na aliyewazoesha hivyo ni mimi.

Kazi niliyoichukua bila kumwambia mwenyewe

Matokeo ni kazi ya mwalimu wa taaluma. Mtaaluma wetu ni rika langu, mtulivu, mwalimu wa Historia. Kabla yangu alikuwa akikusanya maksi kwenye karatasi, anakaa na kikokotoo, na baada ya siku nne au tano mkeka unatoka. Mimi nikatengeneza faili la Excel. Unaingiza maksi, lenyewe linatoa gredi, pointi, daraja na nafasi. Siku tano zikawa usiku mmoja. Kila mtu alinishukuru, na yeye pia alinishukuru. Halafu akaacha kabisa kuugusa mkeka. Nilichukulia kwamba amepumzika.

Faili lile lilikuwa na fomula nilizojivunia. Kwa anayejua utaratibu wa Baraza la Mitihani: A huanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo ni F; A ni pointi moja, F ni tano; halafu unachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi na kujumlisha. Pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne. Kumfundisha Excel achague yale saba mwenyewe ilinichukua jioni tatu. Hakuna mwingine shuleni aliyejua ilivyofanya kazi, na sikuwahi kuona hilo kama tatizo. Niliona ni sifa.

Usiku wa Alhamisi ile nilitaka kujua kumi bora wa Hisabati ili niwanunulie madaftari. Nikachagua safu ya Hisabati, nikaamuru ipangwe kutoka kubwa kwenda ndogo. Programu ikauliza kama ipange pamoja na safu za jirani au hiyo peke yake. Nilikuwa na usingizi, nikabonyeza jibu lililokuwa karibu na kidole. Maksi zikahama zote, majina yakabaki pale pale. Fomula zikafanya kazi yake kwa uaminifu kamili juu ya namba zisizo za wenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo walimu wenzangu wa taaluma walitazame vizuri. Ule utaratibu wa masomo saba bora ndio uliolificha kosa. Mwanafunzi aliyepokonywa Hisabati nzuri anaazima pointi kwenye somo lake la nane, kwa hiyo daraja lake linatikisika kidogo tu au halitikisiki kabisa. Ukitazama muhtasari wa madaraja chini ya mkeka, wangapi la kwanza, wangapi la pili, unaona sura ile ile ya kila muhula. Mkuu wa shule alitazama muhtasari. Mtaaluma alitazama muhtasari. Mzee wa Kiswahili hakuujali, yeye alitafuta majina ya watoto wa mkondo wake mmoja mmoja huku kaunta buku yake ikiwa kwapani, kama alivyofanya tangu kabla sijazaliwa.

Binti mmoja wa karibu na mwisho wa orodha alikuwa na Hisabati 83 kwa haki yake. Mkeka ukampa 4. A yake ya pointi moja ikatoka kwenye hesabu, ikaingia D ya somo la nane yenye pointi nne, na kutoka 17 akaenda 20. Daraja la kwanza likawa la pili. Kijana wa kwanza kwenye orodha alikuwa na 21, akapewa 88, F ikawa A, na D yake moja ikatoka: 27 ikawa 24, daraja la nne likawa la tatu. Huyu hakusema neno, na simlaumu.

"Mfumo ulikosea"

Tuliubandua mkeka mchana ule ule, lakini mwalimu wa darasa alikuwa ameshaupiga picha na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Hilo nalo lilikuwa kosa la peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kutumika tangu Mei 2023, na sisi tulikuwa bado tunaanika maksi za mtoto wa fulani mbele ya majirani zake wote. Tumeacha. Mzazi sasa anapata za mwanawe tu.

Jumatatu nilimwita yule binti kumwomba radhi. Akanisikiliza, akafungua begi, akatoa karatasi yake ya mtihani. 83, kwa kalamu yangu nyekundu. Nilikuwa nimezirudisha karatasi Jumatano, siku mbili kabla ya mkeka. Alikuwa nayo begini muda wote, amekwenda nayo nyumbani, baba yake ameona picha, amefokewa, na hakuitoa. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Si imetoka kwenye kompyuta, Madam?"

Niliyaweka maneno hayo moyoni, lakini sikuyafanyia kazi mara moja. Kwanza nilijiokoa. Asubuhi hiyo hiyo, kwenye kikao kifupi baada ya mstarini, mkuu wa shule aliuliza nini kimetokea, nami nikasema, "Mfumo ulikosea." Watu wakaitikia kwa vichwa. Ni maneno ambayo Watanzania tumeyazoea benki, hospitali na ofisi za umma, na yana raha yake: hakuna anayefukuzwa kazi na hakuna anayeulizwa zaidi.

Nilidhani yamenifunika. Ukweli ni kwamba yalikichoma chombo kile kile nilichokuwa nikiwashawishi watu wakiamini. Kufika Jumatano walimu watatu walikuwa wamerudi kuandika maksi kwenye karatasi na kuahidi kuzipeleka steshenari kwa fedha yao. Mmoja akasema kwa sauti ofisini, bila ubaya, "Ndiyo maana mimi hii mifumo huwa naiogopa." Alikuwa na haki. Kama mfumo wenyewe unaamka usiku na kuhamisha maksi za watoto, nani mwenye akili atauamini?

Saa ya chai, mzee akanisogelea na kikombe chake. Akamega andazi, akala, kisha kwa sauti ya chini: "Huo mfumo una mikono?"

Hakuongeza neno, na hakuwa na haja.

Alhamisi, dakika ishirini

Niliomba kwa mkuu wa shule dakika ishirini za kikao cha Alhamisi. Tukawasha projekta, ile inayopaka kila kitu rangi ya samawati kidogo, tukaielekeza ukutani maabara. Nikafungua nakala ya faili. Nikasema kwamba Jumatatu sikusema kweli, mfumo haukukosea, nilikosea mimi, na sasa nitakosea tena mbele yenu mwone. Nikachagua safu ya Hisabati, nikaamuru ipangwe, swali likatokea ukutani kwa herufi kubwa, nikabonyeza jibu baya. Namba zikaruka. Majina yakatulia. Maabara nzima ikaguna.

Mwalimu wetu wa Biolojia, mama mtu mzima ambaye kishikwambi chake kilikuwa bado na plastiki ya kiwandani, akasema, "Kumbe ni hicho tu?"

Nakiri yaliniuma. Mwaka mzima nilikuwa nimejenga heshima juu ya jambo ambalo yeye alilielewa kwa sekunde kumi. Lakini kuanzia hapo maswali yalifunguka, na yalikuwa maswali ya kazi. Nani mwingine ana nakala? Mtu akifuta fomula kwa bahati mbaya utajuaje? Wale ambao hawakufanya mtihani umewaandikia nini?

Hilo la mwisho aliliuliza mtaaluma. Nikajibu kwamba nimewaandikia sifuri. Akasema kwa upole kwamba asiyefanya mtihani si sawa na aliyepata sifuri. Kuna mtoto alilazwa akakosa karatasi mbili, na wastani wake umegawanywa kwa tisa kana kwamba alizifanya zote. Nikatazama. Alikuwa sahihi. Faili langu lilikuwa na kosa hilo tangu siku ya kwanza, mihula mitatu mfululizo.

Baadaye tulibaki wawili tukikunja nyaya. Akaniambia kwamba hata ile Ijumaa aliona daraja la yule binti halifanani naye. Nikashangaa: "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Faili lako."

Binti alikuwa na karatasi yake begini, mtaaluma alikuwa na shaka yake kichwani, na wote wawili walinyamaza kwa sababu ile ile. Nilikuwa nimetengeneza kitu kinachotoa majibu ambayo hakuna mwingine awezaye kuyauliza. Hapo ndipo ninapokiona kiini cha kisa chote. Mwalimu anayewaongoza wenzake katika teknolojia hana rungu. Hawezi kumwandikia mtu barua ya kujieleza wala kumpandisha daraja. Alicho nacho ni imani ya watu, na imani ya namna hiyo haitulii mpaka wenzake wawe na uwezo wa kumkagua. Mimi nilikuwa nimekimbia kuwarahisishia kazi na njiani nikawanyang'anya macho.

Shamba darasa

Wakati ule nilikuwa nasoma shahada ya pili kwa masafa, na kwenye masomo yale nikakutana na wakulima wa Iowa, Marekani. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walitoa matokeo ya utafiti wao juu ya mbegu chotara ya mahindi. Walizungumza na wakulima 259, na wote isipokuwa wawili walikuwa wameipokea mbegu hiyo kati ya 1928 na 1941. Wengi waliisikia mara ya kwanza kwa wauzaji, lakini kilichowavuta kuipanda ni majirani. Tena hawakuipanda shamba zima mara moja. Walianza na kipande, wakatazama, wakalinganisha na mbegu yao ya siku zote.

Nilisoma nikacheka peke yangu. Nimezaliwa kwa wakulima, na afisa ugani wa kijijini kwetu alikuwa na neno lake kwa jambo hilo hilo: shamba darasa. Analima kando ya njia mahali ambapo kila mtu anapita, na magugu yakimshinda kijiji kizima kinaona. Semina zangu za mwanzo zilikuwa za muuzaji wa mbegu. Alhamisi ile maabara ilikuwa shamba darasa, na zao lililoota mbele ya watu lilikuwa bovu, ndiyo maana waliliamini.

Mzee wa Kiswahili naye akafanya kama mkulima wa Iowa bila kuambiwa. Akasema ataingiza mwenyewe maksi za mkondo A tu kwenye kishikwambi. Mkondo B zitabaki kwenye kaunta buku, na hata za A ataziandika kwenye kaunta buku pia. Zamani ningemwona mkaidi. Safari hii nilimwomba anifundishe anavyohakiki.

Utaratibu wake ni wa kizamani na ndio tunaoutumia mpaka leo. Kabla mkeka haujachapwa, watu wawili wanakaa. Mmoja anasoma kutoka kwenye kumbukumbu ya mkono ya mwalimu wa somo, mwingine anaweka tiki kwenye nakala iliyotoka kwenye faili. Hawasomi yote, wanachagua majina kumi kila mkondo, na lazima wawemo wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho kwenye orodha. Kwa namna hiyo lile kosa langu lingekamatwa kwenye jina la kwanza kabisa.

Mikono nyuma

Lile daftari la nywila lilikuwa gumu kuliko mkeka. Nilitangaza kwamba kila mtu abadilishe yake, na kurasa zile nikazichana mbele yao. Sasa fikiria mama wa Biolojia, miaka minne kabla ya kustaafu, anakuja na PEPMIS yake, na mimi namwambia, "Keti mama, utafanya wewe." Alinitazama kama nimemnyima maji. Nilijiwekea sheria moja, mikono nyuma. Nasimama kando ya kiti chake, namwelekeza kwa maneno, siruhusiwi kugusa kioo hata akibonyeza pasipotakiwa. Kazi niliyokuwa namfanyia kwa dakika tano ilituchukua saa nzima, siku mbili.

Maneno yalisemwa. "Siku hizi anaringa." "Ameshapata shahada ya pili, hatuoni tena." Mmoja alihamia kwa kijana wa steshenari, akampa nywila yake kwa shilingi elfu mbili, na sikuwa na la kumfanya. Wiki zile mbili ofisi ilikuwa ya baridi na mara kadhaa nusura nichukue kishikwambi cha mtu nimalizie. Sijui kama ningevumilia bila mama wa Biolojia, ambaye siku ya tatu aliingia mwenyewe na kukuta jukumu aliloandikiwa mwaka uliopita halihusiani na somo lake. Akalifuta kwa hasira, akaandika lake. Kisha akamwonyesha mwenzake wa pembeni jinsi ya kufuta. Mimi nilikuwa upande wa pili wa chumba.

Tulikuwa tayari na saa ya Jumuiya ya Kujifunza chini ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambayo mara nyingi iliishia kujaza mahudhurio. Tukaipa faili. Mtaaluma ndiye aliyeliongoza, kwa kuwa mkeka ni wake. Mkuu wa shule alipotaka kuniandikia barua ya uratibu wa TEHAMA niliomba iwe na majina mawili, langu na la mtaaluma. Alishangaa, lakini akaiandika. Wapo wenzangu wa shule za jirani wanaosema nilikosea hapo, kwamba barua yenye majina mawili haisaidii mtu kupanda. Huenda. Lakini ukiwa peke yako kwenye barua utakuwa peke yako pia usiku wa Alhamisi.

Si kila kitu kilikaa sawa. Niliwahi kuweka mafaili yote kwenye hifadhi ya mtandaoni nikidhani nimemaliza matatizo ya nakala, nikasahau kwamba bando la kufikia hifadhi hiyo linatoka mfukoni mwa mwalimu. Hakuna aliyeingia hata mara moja. Tukarudi kwenye flashi, na flashi ikaja na virusi vinavyogeuza kila folda kuwa kivuli. Sasa tunarushiana kwa Bluetooth, polepole lakini bure. Kuchaji vishikwambi 27 kwa LUKU ya shule kulileta mjadala mrefu kuliko jambo lolote la ufundishaji. Na walimu wawili bado wanaleta maksi kwenye karatasi. Tunazipokea.

Likizo

Mwishoni mwa Septemba 2024 nilianza likizo ya uzazi, siku 84. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulifanyika Novemba nikiwa nyumbani na mtoto mchanga. Nilitegemea simu. Niliweka hata chaja karibu na kitanda. Simu ya kwanza kutoka shuleni ilikuwa ya mama wa Biolojia akiuliza mtoto ananyonya vizuri, na ya pili ilikuwa yake tena, juu ya uji wa mtama.

Januari niliporudi nilifungua faili kwenye kompyuta ya taaluma. Sifuri za wasiofanya mtihani zilikuwa zimekuwa X, na fomula ya wastani ilikuwa inaziruka ipasavyo. Safu ya maksi ilikuwa imefungwa, haipangiki peke yake tena. Mwishoni paliongezwa safu mpya yenye kichwa "Imehakikiwa na", na kwenye mikondo miwili ya Kidato cha Tatu palikuwa na herufi mbili za mwanzo za majina ya mzee.

Halafu nikaona rangi yangu ya kijani imeondolewa. Vichwa vyote vya safu nilivipaka kijani kibichi nilipolitengeneza faili lile, jioni ya tatu, kwa furaha ya kumaliza. Sasa vilikuwa vyeupe. Nikamuuliza mtaaluma.

"Ile kijani ikitolewa fotokopi inakuwa nyeusi tupu," akasema bila kuinua kichwa, "tukakubaliana tuitoe."

Nikauliza walikubaliana lini. Akafikiri kidogo, akasema hakumbuki, ilikuwa kwenye kikao.